ALIYEKUUMBA ANAKUJUA

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi wao baada ya futari. Tumeiacha karibu kama ilivyosemwa.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.



Kwanza naomba radhi. Mimi si sheikh. Wenye elimu wamekaa hapa mbele, na nikiteleza nawaomba wanirekebishe. Kazi yangu wengi wenu mnaijua: nina saiba ndogo kule Kisauni. Kutwa nzima niko mbele ya kompyuta najazia watu fomu. Anayetaka cheti cha kuzaliwa, anayetaka pasipoti, anayeomba mkopo wa chuo, wote wanapita kwangu. Ndugu walioandaa futari hii waliniambia nizungumzie kijana na teknolojia. Najua mnachongojea. Mnangoja niseme zimeni simu, simu zimewaharibu. Hayo mmeshayasikia, na baba zenu wanayasema vizuri kuniliko mimi. Leo nataka kuwaeleza jambo lililotupata nyumbani kwetu, kisha tutazame dini yetu inasema nini.

MASHINE HAIKUMUONA MAMA

Mamangu alisomesha watoto watano kwa mahamri na mbaazi. Tangu nipate akili zangu namuona akiamka saa tisa za usiku, anakuna nazi, anakanda unga, anachochea moto. Mchana akipara samaki, jioni akifua nguo za watu. Vidole vyake vimefanya kazi hiyo zaidi ya miaka arobaini. Ukivishika, ncha zake zimelika zikawa laini kama kijiwe cha pwani kilichosuguliwa na maji.

Miaka michache iliyopita alikwenda ofisi moja kuandikishwa kwa huduma ya wazee. Ofisi yenyewe sitaitaja, maana sikuja hapa kumsema mtu. Alitoka nyumbani baada ya swala ya Alfajiri, akapewa kikaratasi cha nambari, akakaa kwenye benchi mpaka karibu na Adhuhuri. Zamu yake ilipofika akaambiwa aweke kidole cha shahada juu ya kioo. Mashine ikalia. Akaweka kingine, ikalia. Vidole vyote kumi, ikakataa. Kijana wa pale akampa kitambaa afute, akamwambia akanawe kwa sabuni, akampaka mafuta kidogo. Hakumfanyia ujeuri hata chembe. Mwisho akamwambia, "Mama, samahani, mashine haikuoni. Urudi wiki ijayo."

Jioni nilimkuta ameketi uani. Nikamuuliza, "Mama, ilikuwaje?" Akavitazama vidole vyake, akasema, "Mashine haikuniona, mwanangu." Basi. Hakulalamika, hakumtukana mtu. Lakini mimi namjua mamangu. Usiku ule sahani yake ilibaki kama ilivyopakuliwa.

Nikaghadhibika. Nikawa nazunguka uani nasema, mtu mzima anakaa saa sita kwenye benchi, kisha anaambiwa haonekani! Halafu, ndugu zangu, katikati ya hasira zile, nikamkumbuka mzee mmoja mvuvi. Mwezi mmoja nyuma alikuja kwangu saiba na nambari yake ya kitambulisho kwenye kijikaratasi. Nikaiingiza kwenye kompyuta, ikaleta maandishi mekundu. Watu walikuwa wengi, na mimi nimechoka. Nikamwambia bila hata kuinua uso, "Mzee, wewe hupo. Anayefuata!"

Akasema polepole, "Lakini mimi nipo hapa, mwanangu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Akatoka.

Wallahi usiku ule nilijiona. Yule kijana wa mashine alimwambia mamangu samahani. Mimi sikusema hata hilo. Asubuhi nikataka kumtafuta yule mzee, nikagundua silijui jina lake. Nilichokuwa nacho ni kile kijikaratasi alichokisahau mezani, chenye nambari peke yake.

KUANDIKWA NA KUJULIKANA

Hebu niwaeleze mashine ile inavyofanya kazi, maana hii ndiyo fani yangu. Ukiweka kidole, inatazama mistari ya ngozi: mstari gani unakatika wapi, na upi unagawanyika mara mbili kama njia panda. Zile alama inazigeuza kuwa hesabu, kisha inalinganisha hesabu hizo na zile zilizowekwa zamani. Zikikaribiana vya kutosha inasema ndiye. Zisipokaribiana inasema siye. Mtu aliyefanya kazi ya mikono miaka mingi, au ambaye ngozi yake imekauka kwa uzee, mistari hulika, na mashine haipati cha kushika. Yaani kazi ile ile iliyotulea sisi ndiyo iliyomfuta mamangu kwenye kioo.

Sasa tazameni maisha yetu. Una nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, nambari ya siri ya M-Pesa, nambari ya mtihani, nambari ya foleni ya hospitali. Mwaka 2019 peke yake tulihesabiwa katika sensa, Wakenya tukapita milioni 47, na mwaka huo huo tukapanga foleni za Huduma Namba. Sisemi kuhesabu ni kubaya. Bila hesabu, itajulikana vipi shule ijengwe wapi na dawa zipelekwe ngapi? Nikisema nambari ni haramu mimi mwenyewe nitafunga duka.

Ninachosema ni kwamba kuandikwa na kujulikana ni mambo mawili. Simu yako ina habari zako nyingi. Inajua ulipita wapi, ulinunua nini, video gani uliitazama mpaka mwisho. Saa nane za usiku inajua kwamba uko macho. Lakini haijui kwa nini uko macho. Haijui kwamba matokeo yametoka na huthubutu kumwambia baba. Haijui kwamba rafiki zako wote wako kwenye kundi moja la WhatsApp na wewe wamekutoa. Yenyewe inakuletea video nyingine.

Kijana mmoja aliniambia, "Kaka, mimi usiku naongea na ile programu ya akili bandia. Ndiyo pekee inayonielewa." Sikumcheka, maana nilikwisha jifunza kucheka kunaleta nini. Nilimueleza tu kwamba ile programu imefunzwa kwa maandishi mengi mno ya binadamu, na kutoka hayo inapanga maneno yanayofaa kufuata. Pengine yatakuwa maneno mazuri, pengine yatakufaa. Lakini ukiugua haitakuja kukutazama, na ukifa haitasimama kwenye jeneza lako. Kisha nikamuuliza, "Na haya unayoyaambia mashine, umeshawahi kumwambia Mola wako?" Akanyamaza. Akasema, "Kaka, Mwenyezi Mungu ana watu wangapi! Mimi nani?"

Hilo ndilo swali la leo: mimi nani? Tumezoea foleni mpaka tunadhani na mbinguni kuna foleni. Tumezoea kuambiwa laini zote zina shughuli mpaka tunadhani dua nayo inangoja zamu.

Mwenyezi Mungu naye anahesabu, tusikatae. Mwisho wa Suratu Maryam, katika aya ya 94, anatueleza kwamba amewadhibiti viumbe wote na kuwahesabu sawasawa. Lakini soma aya inayofuata, ya 95: kila mmoja wao atamjia Siku ya Kiama akiwa peke yake. Hesabu yake haikupotezi katikati ya wengi. Yeye aliyewahesabu wote atakupokea wewe, na mambo yako wewe, bila mtu mwengine mbele yako wala nyuma yako.

MWANAMKE ALIYESIKIWA

Tuache nadharia, tuje kwenye kisa. Madina alikuwapo mwanamke anayeitwa Bi Khawla bint Tha'laba (R.A.). Mumewe, Aws bin Samit (R.A.), alighadhibika siku moja akamtamkia kwamba kwake yeye ni kama mgongo wa mamake. Katika ujahili maneno hayo yalikuwa yakimwacha mwanamke hewani: si mke, wala hakuachwa akapata kuolewa na mwengine. Ameshazeeka, ana watoto, ataenda wapi?

Akaenda kwa Mtume (S.A.W.) kumueleza. Akajadiliana naye, akarudia tena na tena, akamshitakia Mwenyezi Mungu hali yake. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa pembeni mwa nyumba ile ile, na chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia kwamba baadhi ya maneno ya yule mwanamke hakuyasikia. Aliye chumba kimoja naye hakuyasikia, na Mola wa mbingu saba aliyasikia yote. Ikateremka Suratul Mujadila, sura ya 58, na aya yake ya kwanza kabisa inasema kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha sikia kauli ya mwanamke huyo.

Si mfalme huyu, jamani. Si tajiri. Ni mama mwenye shida ya nyumbani, shida ambayo wengine wangesema, "Hayo ni mambo yenu, kamalizeni ndani." Sura nzima ya Qur'an inafunguliwa kwa malalamiko yake, na inasomwa mpaka leo kutoka Lamu mpaka Vanga.

Na hakusikiwa kwa maneno matupu. Ilikuja hukumu: mumewe aache mtumwa huru, asipoweza afunge miezi miwili mfululizo, asipoweza alishe maskini sitini. Akasema mumewe hana mtumwa, ni mzee hawezi kufunga, na hana cha kulisha. Mtume (S.A.W.) akasaidia kwa kapu la tende. Mnaona? Alisikiwa mbinguni, na msaada ukamfikia kwa mikono ya mtu.

DAFTARI LA SAYYIDNA UMAR (R.A.)

Bibi huyo huyo, miaka ilipopita, alimsimamisha Sayyidna Umar (R.A.) njiani wakati yeye ndiye Khalifa, akamnasihi muda mrefu, naye kasimama anasikiliza. Watu walipoona ajabu, Sayyidna Umar akawaambia kwamba huyu ni mwanamke ambaye Mwenyezi Mungu alimsikiliza. Vipi Umar asimsikilize?

Nimemtaja Sayyidna Umar kwa makusudi, maana yeye ndiye aliyeweka daftari la kwanza la serikali katika Uislamu. Diwani, wakiita. Majina ya watu yakaandikwa, na kila mmoja akapangiwa fungu lake kutoka Baitul Mal. Hata watoto wakapangiwa, lakini sharti lilikuwa mtoto awe ameachishwa ziwa.

Usiku mmoja alikuwa akizunguka kulinda msafara uliofika Madina, akasikia mtoto analia. Akaenda akamwambia mamake amwangalie mtoto. Akarudi mara ya pili, bado analia. Mara ya tatu, karibu na mwisho wa usiku, akamuuliza ana nini huyu mtoto usiku kucha? Mama, asiyemjua anayezungumza naye, akamwambia anamlazimisha kuacha ziwa mapema, kwa sababu Umar hampi mtoto fungu lake mpaka aachishwe. Sayyidna Umar akaswalisha Alfajiri na kilio kikimzidi, kisha akatangaza kila mtoto wa Kiislamu aandikiwe fungu tangu azaliwe.

Ndugu zangu, daftari lilikuwa zuri na mwenyewe alikuwa mwadilifu. Hata hivyo sharti moja lilimliza mtoto, na daftari lisingeweza kumsikia. Alisikiwa kwa sababu kuna mtu alitembea kwa miguu yake usiku, akamwogopa Mola wake.

Tena katika mwaka wa 21 Hijria, Waislamu walipigana vita vikubwa vya Nahawand, katika nchi ya Waajemi. Mjumbe akaja Madina na habari za ushindi, akataja waliouawa: fulani na fulani, wakubwa wanaojulikana. Kisha akasema na wengine pia, watu ambao Amirul Muuminina hawajui. Sayyidna Umar akalia. Akasema itawadhuru nini Umar asipowajua, maadamu Mwenyezi Mungu anawajua?

Mwenye daftari mwenyewe ndiye aliyesema hayo. Alijua mpaka wa kalamu yake.

YUKO KARIBU

Sasa tuingie katika mwezi wetu huu. Aya za saumu ziko katika Suratul Baqara. Aya ya 183 inatufaradhishia kufunga. Ya 185 inautaja mwezi wa Ramadhan. Ya 187 inaeleza mambo ya usiku wa saumu. Na katikati yake, aya ya 186, ukitazama juu juu utaona kama haizungumzii saumu kabisa. Inasema waja wakimuuliza Mtume kuhusu Mola wao, basi Yeye yuko karibu, anajibu maombi ya mwombaji anapomwomba.

Wanavyuoni wametuonyesha jambo zuri hapa. Mara nyingi katika Qur'an watu wakimuuliza Mtume jambo, jibu linaanza kwa kumwambia "sema". Wanakuuliza kuhusu pombe, sema. Wanakuuliza kuhusu roho, sema. Hapa neno hilo halipo. Waja wakiuliza habari za Mola wao, jibu linatoka Kwake moja kwa moja. Hakuna dirisha wala karani wa kukupokea.

Na kwa nini ikawekwa katikati ya aya za saumu? Mimi nafahamu hivi, na masheikh watanirekebisha. Nyote mlikuwa wadogo. Mnakumbuka mlipoanza kufunga nusu siku, mna miaka saba au minane. Jua kali la Mombasa, koo limekauka, unakwenda kutawadha kwa swala ya Adhuhuri. Unatia maji mdomoni kusukutua. Maji yako hapo, baridi, juu ya ulimi. Mama yuko jikoni, hakuoni. Ungeyameza nani angejua? Ukayatema.

Ukayatema kwa nini? Kwa sababu ulijua kuna anayekuona. Hakuna aliyekuwa amekufunza ilimu kubwa, lakini pale bombani ulikuwa wewe na Mola wako, wawili peke yenu. Ndiyo maana imekuja katika hadithi Qudsi kwamba saumu ni Yake Mwenyezi Mungu, na Yeye ndiye atakayeilipa. Swala wataiona watu, zaka itaonekana, hija utapokewa uwanja wa ndege. Saumu ni siri yako na Yeye. Kwa hivyo ukiuliza "mimi nani mbele ya Mwenyezi Mungu?", jibu ulikuwa nalo tangu utoto.

ANAJUA NA UNAYOYAFICHA

Lakini nisiwadanganye kwa utamu upande mmoja. Anayekujua, anakujua kweli kweli. Mimi mwenye saiba najua vijana wanavyofuta historia ya kompyuta kabla ya kuondoka. Wanadhani wamefuta. Ukiweka neno la siri kwenye simu, baba hafungui. Ukifungua akaunti ya jina la uongo ukamtusi mwenzako, hakujui. Mola wako hahitaji neno la siri.

Habari hiyo inatisha, na inatakiwa ikutishe kidogo. Lakini itazame vizuri. Watu wanaokupenda wengi wanaipenda ile picha uliyoichagua ukaiweka. Unaogopa siku watakapojua mengine. Mwenyezi Mungu ameshayajua yote, ya jana na ya usiku wa manane, na bado leo alfajiri amekuamsha ule daku. Hakukufuta. Anayejua aibu yako yote na bado anakuita utubie, huyo ndiye wa kumwambia kila kitu.

TUFANYE NINI MWEZI HUU

Nitasema mambo matatu mepesi, kisha nimalize.

La kwanza. Dakika kumi kabla ya adhana ya Magharibi, weka simu chumba kingine. Najua wakati huo ndio wa kupiga picha sambusa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba dua ya aliyefunga hairudishwi. Kaa, umwombe. Omba kwa Kiswahili, omba kwa Kibajuni, kwa Kidigo, kwa Kisomali, kwa lugha unayolilia. Zile dua za Kiarabu zina fadhila yake, zihifadhi. Lakini mwambie pia yako mwenyewe, kwa jina: mtihani huu, deni hili, mtu huyu aliyeniumiza.

La pili. Mjue mtu mmoja. Katika mtaa wako kuna mzee anayepanga foleni peke yake, kuna bibi asiyeweza kusoma ujumbe wa simu. Mwezi huu mchague mmoja, ulijue jina lake, umsindikize ofisini, umsomee, umkalie mpaka amalize. Kumbukeni lile kapu la tende. Pengine Mwenyezi Mungu ameshaisikia dua ya bibi yule, na wewe ndiye uliyetumwa na kapu.

La tatu ni la sisi tulio nyuma ya kaunta. Kuna vijana hapa wanafanya kazi benki, hospitali, maduka ya simu, afisi za serikali. Inua uso. Mtu akifika, mtazame kabla hujatazama kioo. Kompyuta ikikataa, mwambie kompyuta imekataa, usimwambie hayupo.

Mimi pale dukani nimejiwekea sharti: kabla ya kuuliza nambari, nauliza jina. Yule mzee mvuvi nilimtafuta. Niliuliza pwani, nikaambiwa huenda ni mmoja aliyerudi kwao Kizingitini. Nimetuma salamu mara mbili, sijapata jibu mpaka leo. Kile kijikaratasi bado kipo mezani kwangu. Namuombea kwa sifa zake tu, kanzu iliyopauka na sauti ya polepole, na ninajua Mwenyezi Mungu anajua ni nani ninayemkusudia. Kama kuna mtu hapa ana jamaa kule, aonane nami tukishaswali tarawehe.

Na mamangu? Alirudi mara mbili zaidi, na safari ya tatu wakamuandikisha kwa njia nyingine. Lakini yeye hakungoja hiyo. Usiku ule ule aliokataa kula, niliamka karibu na alfajiri nikamkuta juu ya mswala. Anavuta uradi kwa vidole, taratibu, kiungo baada ya kiungo. Nikamwambia, "Mama, nitakununulia tasbihi nzuri." Akasema, "Niachie vidole vyangu. Aliyeniumbia anavisoma."

Baadaye nikaja kusikia darasani kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaambia wanawake wahesabu dhikri zao kwa vidole, kwa sababu vidole hivyo vitaulizwa na vitatamkishwa. Na katika Suratul Qiyama, Mwenyezi Mungu anapowajibu wanaokanusha kufufuliwa, anasema anaweza kuzirudisha sawasawa hata ncha za vidole. Ncha zile zile zilizolika kwa nazi na unga na sabuni, ambazo kioo hakikuziona. Siku hiyo zitarudishwa, na zitasema.

Ewe Mola wetu, Wewe unatujua kabla hatujajijua. Tukubalie saumu zetu na swala zetu. Wasikie wasiosikiwa, wahifadhi wazazi wetu waliotulea kwa mikono yao, warehemu waliotangulia ambao majina yao tumeyasahau na Wewe hukuyasahau. Na utujaalie sisi kuwa sababu ya faraja kwa waja wako.

Aamin. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.